Anasa ya Kisiwani kwa Mkazi wa Kibaha na Kisarawe

Likizo ya anasa ni safari ambayo mtu huilipia zaidi ya anachohitaji kwa kulala, kula na kufika, na ziada hiyo huitoa kwa ajili ya kustarehe tu. Swali la kidini na la kifalsafa linaloizunguka ni la zamani: je, mtu mwenye jirani mhitaji ana haki ya kustarehe kwa gharama kubwa? Kama anayo, haki hiyo inaanzia wapi na inakomea wapi? Swali hili huelekezwa zaidi kwa matajiri wanaokodi boti katika visiwa vya Ugiriki na Italia. Huuma zaidi likiulizwa mahali ambapo anasa yenyewe bado ni ngeni, na kila shilingi ya mshahara inasubiriwa na zaidi ya mtu mmoja.

Kibaha na Kisarawe ni mahali pa namna hiyo. Zote mbili zimo katika Mkoa wa Pwani, na Kibaha ndiyo makao makuu ya mkoa, lakini hakuna hata moja inayogusa bahari. Kisarawe imekaa vilimani magharibi ya Dar es Salaam, penye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mihogo na mikorosho. Kibaha imetanda kandokando ya barabara ya Morogoro. Bahari ya mkoa iko Bagamoyo, Mkuranga na Kibiti, na mbali zaidi iko Mafia, wilaya ya visiwa. Hivyo mtumishi wa ofisi ya mkoa anayetaka likizo ya kifahari ufukweni anaipata ndani ya mkoa wake uleule. Hushika barabara ya Kilwa hadi Nyamisati, akapanda chombo kwenda Kilindoni, au huruka kutoka Dar es Salaam kwa muda wa nusu saa hivi.

Huko Mafia kuna kila kinachotafutwa na msafiri wa anasa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995. Kuanzia mwezi Oktoba papa potwe hukaribia maji ya Kilindoni, na watu huogelea karibu naye. Ghuba ya Chole ina hoteli chache za bei ya juu, na katika kisiwa cha Chole chenyewe kuna vyumba vya wageni vilivyojengwa juu ya miti. Shungimbili, kisiwa kidogo zaidi, hukodishwa kizima kwa kundi moja la wageni. Katika kisiwa cha Juani kuna magofu ya mji wa Kua, ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Wateja wa hoteli hizi kwa sehemu kubwa wametoka ng'ambo, lakini utalii wa ndani umekuwa ukihimizwa na serikali kwa miaka mingi, na mkazi wa Kibaha au Kisarawe mwenye mshahara mzuri, duka kubwa au mavuno mema ya korosho anaweza kujiuliza kwa nini asiende.

Katika historia ya fikra, swali la starehe limefungamana na visiwa na fukwe kwa namna ya ajabu, na chimbuko lake lililoandikwa vizuri zaidi ni Bahari ya Mediterania. Aristotle aliishi kwa muda katika kisiwa cha Lesbos akichunguza samaki na viumbe wa ghuba, na ndiye aliyetoa hoja ambayo bado haijapitwa: mapumziko ni dawa ya kazi, humrudishia mtu nguvu ili akafanye jambo la maana. Faragha ya kweli, kwake, ni kitu kikubwa kuliko mapumziko. Ni wakati ambao mtu huru huutumia kujua na kutafakari. Mwenye kwenda pwani kulala tu amemeza dawa, na dawa ina kipimo. Kasoro ya hoja hii inajulikana. Faragha ya Mgiriki huru ilibebwa na watumwa, na Aristotle hakuona tatizo hapo. Tangu zamani, basi, kila mazungumzo ya starehe yana swali la pili nyuma yake, la nani anafanya kazi ili mwingine apumzike.

Epikuro, aliyekulia katika kisiwa cha Samos, amesingiziwa mengi. Jina lake hutumika kwa walafi, ilhali yeye alikula mkate na maji na kuhesabu kipande cha jibini kuwa karamu. Aliyagawa matamanio katika yale ya lazima, yale ya asili yasiyo ya lazima, na yale ya bure kabisa. Hakukataza chakula kizuri kinapopatikana. Alichohofia ni mazoea, kwa kuwa anayefurahia anasa kikamilifu ni yule asiyeihitaji. Seneca, Mrumi tajiri, aliandika kwa ukali dhidi ya mji wa ufukweni wa Baiae, akisema mahali penyewe huilegeza tabia. Ukali huo haukumzuia kuwa na mali nyingi. Seneca huyohuyo alikaa uhamishoni Corsica kuanzia mwaka 41 hadi 49, kwani visiwa ambavyo leo huuzwa kwa bei ghali kama mahali pa kupumzikia, Warumi walivitumia kama adhabu. Upweke ambao mfungwa aliulilia, mgeni wa leo anaulipia.

Upweke huo ndio unaoifanya likizo ya anasa iwe jambo jipya Kisarawe, kuliko fedha zake. Wazaramo, wenyeji wa eneo hili, hawajawahi kuwa watu wa kuogopa gharama ya furaha. Kumtoa mwali hugharimu chakula, nguo na ngoma, na familia hujikusanyia kwa muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Msimu baada ya mavuno ni msimu wa shughuli. Masheikh na wachungaji wamelalamikia gharama hizo mara nyingi, na wamekuwa na sababu, kwa kuwa zipo nyumba zinazobaki na madeni baada ya ngoma kwisha. Hata hivyo, pilau ya shughuli huliwa na mtaa mzima. Mtu anayetumia kiasi kilekile cha fedha kwa siku nne katika chumba cha Ghuba ya Chole, yeye na mwenzi wake tu, amefanya jambo ambalo jamii yake haina jina zuri la kuliita. Ataambiwa anakula peke yake.

Lawama hiyo ina uzito, ila si ya mwisho. Shughuli nayo ina ubinafsi wake: mwenye shughuli hununua heshima, na mara nyingi hununua kwa fedha za kukopa. Mume na mke waliochoka, wanaoondoka kimya kwa fedha yao halali na kuwalipa vizuri wapishi, mabaharia na waongoza wageni wa Mafia, huenda wamewafikia watu wengi zaidi kuliko waliokula pilau. Kipimo cha idadi ya walioalikwa hakitoshi. Kinachohitajika ni kipimo cha haki, na hapo dini mbili kubwa za eneo hili zina mengi ya kusema, zote kwa undani zaidi kuliko hotuba za kukemea anasa zinavyoonyesha.

Uislamu ulifika pwani hii karne nyingi kabla ya Ukristo, na waumini wake hapa hufuata zaidi madhehebu ya Shafii. Msimamo wake wa msingi ni kwamba starehe ya halali ni halali. Sura ya Al-Aaraf inaamuru kula na kunywa bila kuvuka mpaka, na aya inayofuata inauliza kwa mshangao ni nani aliyeharamisha mapambo na vilivyo vizuri ambavyo Mungu amewatolea waja wake. Sura ya Al-Furqan inawasifu wasiofuja wala wasio mabahili, na Sura ya Al-Israa inawaweka wabadhirifu pamoja na mashetani. Wanachuoni wametofautisha makosa mawili ambayo lugha ya kawaida huyachanganya. Israfu ni kuzidisha kipimo katika jambo linaloruhusiwa. Ubadhirifu ni kuitia mali pasipostahili, hata ikiwa kidogo. Kwa mujibu wa tofauti hiyo, chumba cha bei ya juu si ubadhirifu kwa nafsi yake. Kinaweza kuwa israfu kwa mtu mmoja na kuwa kiasi kwa mwingine, kulingana na uwezo na wajibu wa kila mmoja. Pia kuna mafundisho ya Mtume kwamba mwili una haki yake, nafsi ina haki yake na familia ina haki yake. Kupumzika kumeingizwa katika orodha ya haki, ingawa hakukuwekwa mahali pa kwanza.

Biblia ina mvutano wa namna hiyo. Katika Injili ya Marko, Yesu anawachukua wanafunzi wake waliochoka kwa mashua, waende mahali pasipo watu wapumzike kidogo, na ni vigumu kukosa kuona kwamba hiyo ni safari ya majini ya kupumzika. (Umati uliwatangulia kwa miguu, na mapumziko yakaharibika.) Katika Injili ya Luka yumo tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi kisha aiambie nafsi yake istarehe, usiku huohuo akafa. Mhubiri husifu kula, kunywa na kufurahi kuwa ni zawadi ya Mungu. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliandika kwamba nafsi huchoka kama mwili, hivyo mchezo na burudani vinaweza kuwa sehemu ya wema, na kwamba asiyejua kabisa kuburudika ana kosa lake pia. Wamisionari Waprotestanti wa Kijerumani waliofika vilima vya Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890 walisisitiza zaidi bidii na Jumapili kuliko burudani.

Kati ya sauti hizi na likizo ya leo kuna sauti ya tatu, ya siasa ya Tanzania yenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitazama anasa ya wachache kama dalili ya unyonyaji na kuwawekea viongozi miiko ya mali. Mwaka 1970 ulizuka mjadala gazetini, ukianzishwa na vijana wa chama cha TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu iwapo nchi ya kijamaa ina sababu ya kuwekeza katika hoteli za watalii. Mjadala huo ulihaririwa na Issa Shivji na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1973. Aliyekuwa akilini mwa wengi wao alikuwa mgeni wa ng'ambo anayehudumiwa na mwenyeji. Leo anayehudumiwa naye anaweza kuwa mwenyeji wa mkoa uleule. Hilo halilifuti swali lao, ila linalihamishia ndani ya familia moja, ambamo kaka amelala hotelini na mdogo wake ni mhudumu katika hoteli nyingine.

Mahali ambapo maadili ya likizo huamuliwa hasa ni katika kupanga. Kwa hilo Uislamu una kielelezo kilichokamilika: Hija. Hakuna safari iliyofanyiwa hesabu ya kina kama hiyo, na masharti yake ya uwezo yanaweza kupimia safari yoyote yenye gharama. Anayekwenda Makka anatakiwa awe na masurufu na usafiri wa kwenda na kurudi, baada ya kulipa madeni na baada ya kuwaachia anaowalisha matumizi ya muda wote atakaokuwa hayupo. Ikiwa safari ya faradhi inasubiri deni lilipwe, ni vigumu kuona hoja ya safari ya starehe kulitangulia. Fiqhi ya Shafii inampa mdai haki ya kumzuia mdaiwa ambaye deni lake limeshaiva asisafiri. Kwa mkazi wa Kibaha wa leo, hiyo ina maana kwamba mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara kwa utaratibu uliokubaliwa haumfungi, kwa kuwa bado haujaiva wote. Deni la duka la mtaani lililopita miezi mitatu linamfunga.

Chanzo cha fedha nacho huulizwa. Wengi hujiwekea kwa kibubu, kwa mchezo wa kupeana chini ya kijumbe, au katika kikoba. Mchezo wa kupeana usio na riba hauna utata mkubwa. Kikoba kinachokopesha kwa riba kina utata kwa Mwislamu, na hesabu ya mwisho wa mwaka, ambapo wanachama hugawana faida na kuitumia kwa safari ya pamoja, ndiyo huzua maswali mengi zaidi. Mkopo wa kausha damu, wenye riba ya kunyonya, kwa ajili ya likizo hauna mtetezi katika dini yoyote. Fedha ya safari iliyokaa mwaka mzima wa mwandamo na kufikia kiwango cha nisabu hutolewa zaka ya asilimia 2.5 kabla ya kuwa nauli. Mkristo wa Kisarawe ana fungu la kumi na ahadi alizoandika katika bahasha ya usharika, na mchungaji wake hatakosa kumkumbusha kwamba ahadi ilitangulia hoteli.

Wajibu mgumu kuliko yote hauna namba, nao ni wa wazazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 28, na kwa desturi ya Tanzania siku hizo ni za kwenda nyumbani kusalimia. Mama aliyeko Maneromango au mkoani Kagera anazihesabu. Kibaha imejaa watumishi waliotoka mikoa mingine, na kwao kila siku ya Mafia ni siku iliyoondolewa kijijini. Kuunga udugu ni amri katika Uislamu, na kuwaheshimu wazazi ni miongoni mwa Amri Kumi, kwa hiyo aliyepanga siku tano za kisiwani bila kupanga hata moja ya kusalimia amekosea mpangilio, hata kama fedha yake ni safi. Kuna wanaochukua njia ya tatu, ya kumchukua mama waende naye. Njia hiyo hupandisha gharama na kupunguza faragha, na pengine kwa sababu hiyo ndiyo inayokubalika zaidi. Ila si kila mama anataka kupanda boti.

Safari yenyewe inahitaji kusudi. Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyeondoka Baghdad mwaka 1095 akaacha cheo na mali, aliandika sehemu nzima ya kitabu chake Ihya juu ya adabu za safari, akaanza na safari ya kutafuta elimu na ya ibada. Wanachuoni wa Shafii, walipojadili nani anaruhusiwa kupunguza swala safarini, walitaka safari iwe na lengo linalokubalika. Kuzurura ili kuona miji tu, kwa kauli ya baadhi yao, si lengo. Kutembea ili kuburudisha moyo na kuuondolea dhiki ni lengo la mtu mwenye akili. Tofauti hiyo ni nyembamba lakini ina maana. Anayekwenda ili aonekane amekwenda, na kazi yake kubwa ni kupiga picha za kuwarushia watu, yuko karibu na aina ya kwanza. Kwa wanawake, vitabu hivyo vilikuwa vikali zaidi: vilimruhusu mwanamke kwenda Hija ya faradhi na kundi la wanawake waaminifu bila maharimu, lakini havikuipanua ruhusa hiyo hadi kwenye safari za hiari. Wanachuoni wa leo wanatofautiana, wakizingatia usalama wa njia na vyombo. Vikundi vya akina mama vinavyokodi basi kwa matembezi ya mwisho wa mwaka vimekwisha kujiamulia.

Wenye kisiwa nao wana haki, na mpangaji wa safari huwasahau kwa sababu si mmoja wao. Hifadhi ya bahari iliigawa bahari katika maeneo: mahali ambapo uvuvi umekatazwa, mahali unaporuhusiwa kwa masharti, na mahali pa matumizi ya kawaida. Matumbawe anayoyalipia mgeni kuyatazama yamehifadhiwa kwa sehemu na mvuvi wa kisiwa cha Jibondo aliyezuiwa kutupa nyavu hapo. Mgeni anayebishania bei ya ngalawa na mzee wa Chole baada ya kulipa hoteli bila kubisha hajatambua deni hilo. Mafia ni kisiwa cha Waislamu wengi, na vazi la ufukweni linalopita katikati ya kijiji huwaudhi watu ambao kwa adabu hawatasema. Mkazi wa Kisarawe hana kisingizio cha ugeni katika hili.

Linabaki suala la kupanga mbele ya Mungu. Sura ya Al-Kahf inamkataza muumini kusema kwamba atafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Waraka wa Yakobo unawaonya wanaosema leo au kesho watakwenda mji fulani wafanye biashara, ilhali hawajui ya kesho. Vifungu viwili vya vitabu viwili, na vyote mfano wake ni mipango ya mtu. Hakuna kinachokataza kupanga. Injili ya Luka inamcheka anayeanza kujenga mnara bila kukaa chini kuhesabu gharama. Katika bahari hii mafundisho hayo ni ya vitendo. Msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, hoteli nyingi za visiwani hufungwa, na upepo wa kusi huchafua bahari kwa miezi inayofuata. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya, kikiwa kimepungua nguvu, kilifika Mafia, na vyombo vya baharini vikazuiwa kusafiri. Aliyekuwa amelipa hakuwa na la kufanya. Mwenye kupanga kwa inshallah ya kweli huweka siku za akiba, huuliza masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa, na hamwahidi mwajiri kurudi asubuhi ya siku ambayo boti inategemea maji kujaa.

Akishafika, ibada humfuata kwa hesabu yake. Umbali wa kutoka Kibaha hadi Kilindoni unavuka ule unaomruhusu Mshafii kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili na kukusanya adhuhuri na alasiri. Ruhusa hiyo ni ya njiani na ya kituo kifupi. Aliyenuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, huhesabiwa mkazi tangu anapofika, naye huswali kwa ukamilifu, hotelini kama nyumbani. Swala ya Ijumaa humlazimu pia pale inaposwaliwa kijijini karibu naye. Kwa Mkristo, likizo haifuti Jumapili, na aliyechagua kisiwa kilichokodishwa kizima atapaswa kuagiza boti kuwahi ibada Kilindoni, au kuwaongoza sala walio pamoja naye pale alipo.